Madonge ya Mtama ya Mwaka wa Kumi

Gunsan, 21 Septemba 1987

Mdogo wangu Dong-hyeok,

Sae-rom wako anatimiza miaka kumi Jumamosi ya tarehe 24 Oktoba, na mwaka huu hatatengenezewa madonge ya mtama. Hayo ameyasema binamu yetu Chun-ja, aliyepita kwako wiki iliyopita. Nimemuuliza mara mbili. Anasema ni maneno yako mwenyewe: "Mwaka huu tutapita hivi hivi."

Sasa salamu. Samahani zimechelewa, miaka thelathini na moja gazetini imenizoesha kutanguliza habari. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo halitaki ngazi. Chun-ja na mimi tumefyeka nyasi kwenye makaburi ya wazazi kabla ya sikukuu ya mavuno, kwa hiyo usihangaike kuomba ruhusa kazini. Kustaafu hakuna ubaya ila asubuhi ni ndefu mno.

Turudi kwenye habari. Mtoto wa kwetu hutengenezewa madonge ya mtama yaliyogaragazwa kwenye maharage mekundu kila siku yake ya kuzaliwa, mpaka afikishe kumi. Wewe ulitengenezewa. Mimi nilitengenezewa hata mwaka ule Wajapani walipobeba nafaka yote ya kijiji. Mama alikuwa ameficha mtama ndani ya mto wa kulalia. Marehemu mama yake, Ok-hui, alimtengenezea Sae-rom mara tisa. Imebaki mara moja, ya mwisho, na sioni sababu ya kuiacha.

Niandikie ni nini hasa kinachokosekana: mtama, maharage, au mpishi.

Dada yako,
In-sun

*

Stesheni ya Hwangdeok, 30 Septemba 1987

Dada,

Shikamoo. Pole na goti. Huku tumeanza kuona barafu nyembamba kwenye ndoo asubuhi. Treni za makaa zimeongezwa, ninaingia zamu saa kumi na moja alfajiri na kutoka saa kumi na mbili jioni. Asante kwa kazi ya makaburini.

Kinachokosekana ni mpishi. Mtama huku milimani umejaa, na maharage yapo. Mwenye kujua alikuwa mmoja.

Nilimuuliza Sae-rom kama anakumbuka namna yanavyotengenezwa. Akasema, "Baba, mimi kazi yangu ilikuwa kuonja." Nikamwambia basi tuache. Hakubisha. Baadaye nikamsikia akimwambia mwenzake mlangoni kwamba anaweza kuja tarehe 24, na aje na wengine, jumla wawe sita. Kwa hiyo sasa nina wageni sita na sina chakula.

Wewe ndiye mwanamke wa karibu zaidi niliyebaki naye katika ukoo huu. Tafadhali nieleze.

Dong-hyeok

*

Gunsan, 10 Oktoba 1987

Mdogo wangu,

Bibi Maeng, mwenye miaka sabini na nne, muuza keki za mchele soko la mashariki kwa miaka hamsini, amethibitisha kwamba mwanamume anaweza kutengeneza madonge ya mtama bila madhara yoyote kwa mtoto.

Natumaini wote ni wazima na kwamba una koti la maana. Chun-ja amepata mjukuu wa tatu, msichana, mkali kama mama yake.

Kuhusu kuniuliza mimi: ulikuwepo siku nilipounguza sufuria la maji. Nimefanya ninachokijua, nimekwenda kuuliza. Bibi Maeng hakufurahi.

"Wewe ni mwanamke mtu mzima," akasema, "hujui hata donge?"

"Sijui, bibi."

"Ulikuwa unakula nini miaka yote hiyo?"

"Tambi za mkahawani, mbele ya ofisi."

"Kaa hapo. Usiguse kitu."

Haya ndiyo aliyonieleza. Fanya pamoja na watoto. Anasema mikono midogo inafaa zaidi kuliko yako.

Loweka maharage, yachemshe, mwaga maji ya kwanza kwa sababu ni machungu. Yachemshe tena mpaka yapondeke kwa vidole. Tia chumvi na sukari kidogo, yaponde, yaache kwenye sinia yapoe yawe makavu. Hiyo ni kazi ya siku moja kabla.

Unga wa mtama uwe wa mtama unaonata. Tia chumvi, halafu maji ya moto, kijiko baada ya kijiko, na wewe ndiye ukande mwanzoni kwa sababu unaunguza. Ukishapoa kiasi, wape watoto. Kila mmoja avingirishe madonge ya ukubwa wa yai la kware. Watoto wasisogee kwenye jiko; wewe ndiye unayetumbukiza madonge kwenye maji yanayochemka. Yakielea, hesabu mpaka ishirini, yatoe, yatie kwenye maji baridi, yachuje. Kisha warudie watoto: wayagaragaze kwenye maharage mpaka yasionekane.

Ongeza vitu viwili rahisi kwa ajili ya wageni. Kaanga vipande vya viazi vitamu, uvipake sukari iliyoyeyushwa. Na wali wa kuvingirishwa ndani ya mwani: panga figili ya kachumbari, yai na karoti kwenye vyombo, kila mtoto ajipangie na kujivingirishia wa kwake. Bibi Maeng anasema mtoto hula chochote alichokivingirisha mwenyewe, hata karoti. Supu ya mwani ya siku ya kuzaliwa unaijua.

Kwa ukamilifu wa taarifa, nilimuuliza kwa nini maharage mekundu. Jibu lake: wekundu hufukuza mikosi na mizimu isimfikie mtoto. Ni kwa sababu hiyohiyo maharage mekundu hayawekwi kwenye meza ya kuwakumbuka wafu. Hakuna roho inayoweza kuyakaribia.

In-sun

*

Hwangdeok, 29 Oktoba 1987

Dada,

Shikamoo. Tumshukuru Bibi Maeng. Msalimie.

Wageni walikuwa sita, wakaja saba. Supu ya mwani nilidhani naijua. Niliona mwani mkavu ni kidogo, nikaloweka pakiti nzima. Nilipotoka kuangalia ishara ya treni ya saa nne na kurudi, ulikuwa umejaa beseni, ukavuka, umeshuka sakafuni. Sae-rom akasimama mlangoni akauangalia. "Baba," akasema, "tunamlisha nyangumi?" Tunakula mwani mpaka leo.

Madonge yalikwenda vizuri. Niliwasomea hatua za barua yako kwa sauti, moja moja, nao wakafanya. Watoto wale hawana huruma.

"Mzee, hili lako ni donge au yai la bata?"

"Ni donge."

"Limelala ubavu."

"Limechoka. Limeamka saa kumi alfajiri kama mimi."

Yule wa saba, Mi-ok, alitengeneza moja kubwa kama ngumi akasema ni la babake. Halikuiva katikati. Mwenyewe akalila hivyohivyo. Wote wakawa na maharage mpaka kwenye nyusi. Karoti ziliisha.

Walipoondoka Sae-rom alichagua madonge matatu yaliyo duara kabisa, akayaweka kwenye kisahani mbele ya picha ya mama yake, kwenye kabati. Nikaendelea kuosha vyombo.

Asante, Dada. Siku ilikuwa nzuri.

Dong-hyeok

*

Gunsan, 20 Novemba 1987

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako kwa Bibi Maeng sokoni. Ya nyangumi alicheka mpaka wateja wakasimama. Huku mvua, paa linavuja upande uleule. Nataka kujua Sae-rom anaendeleaje. Jibu.

In-sun

*

Hwangdeok, 4 Januari 1988

Dada,

Heri ya mwaka mpya. Ubarikiwe afya. Samahani kwa ukimya, theluji imetufungia njia ya reli mara tatu na tumekuwa tukiizoa kwa koleo.

Sisi hatujambo. Sae-rom ana kikohozi. Shule imefungwa. Matofali ya makaa yanatuishia upesi mwaka huu, nimelazimika kuagiza tena kabla ya wakati. Supu ya mwaka mpya nilipika, hakuila sana. Baridi ni kali, digrii kumi na nane chini ya sifuri juzi.

Ni hayo tu.

Dong-hyeok

*

Gunsan, 11 Januari 1988

Mdogo wangu,

Nami nakutakia heri ya mwaka mpya. Chun-ja anawasalimu. Natuma dawa ya kikohozi ya peasi na asali kwa basi. Mpe kijiko asubuhi na jioni.

Nimeisoma barua yako mara nne. Nyumba yako ina vyumba viwili na dari fupi. Miaka yote mmetumia matofali manne kwa siku. Nyumba hiyohiyo, jiko lilelile, mtu mmoja amepungua, lakini makaa hayatoshi. Hukuandika kwamba dirisha limevunjika. Hukuandika kwamba jiko lina ufa; wewe ni mtu wa reli, ungeliandika. Mtoto anakohoa na hali chakula.

Maswali matatu. Joto linapotelea wapi? Tangu lini? Na kwa nini barua yako ya Oktoba ina kurasa mbili, na hii ina aya tatu?

Usinijibu kwamba ni hayo tu.

In-sun

*

Hwangdeok, 25 Januari 1988

Dada,

Shikamoo. Dawa imefika, anakunywa.

Joto linatoka mlangoni. Anauacha wazi.

Niligundua wiki ya kwanza ya Desemba. Nilirudi mapema kwa sababu treni ya makaa ilikwama, nikamkuta amekaa sakafuni amevaa koti na kofia, amejifunika blanketi, anafanya hesabu za shule, na mlango wa mbele uko wazi kabisa, theluji inaingia mpaka kwenye viatu. Nikadhani amesahau. Nikaufunga. Kesho yake niliporudi jirani akaniambia, "Mlango wenu huwa wazi mchana kutwa, Bwana Pyo, kuna nini?" Alikuwa akiufungua nikitoka na kuufunga anaposikia nakuja.

Nikamuuliza. Siku ya tatu akaniletea barua yako ya Oktoba. Alikuwa ameitoa kwenye droo mwezi Novemba, alitaka kumnakilia Mi-ok namna ya kutengeneza madonge. Akanionyesha mstari wa mwisho, ule wa roho na maharage mekundu, ambao mimi sikuwasomea watoto.

Akasema, "Baba, mimi niliyaweka mbele ya Mama. Nilimfukuza."

Nikamwambia hapana. Akasema, "Shangazi haandiki uongo. Wewe mwenyewe ulisema Shangazi haandiki kitu bila kuuliza."

Nilisema hivyo, kweli.

Dada, kuna jambo lingine. Mimi nilikuwa nimeusoma mstari ule kabla ya tarehe 24. Nilipomwona anaweka kisahani nilikumbuka. Alikuwa amevaa fulana yenye maharage mpaka mgongoni, anasawazisha yale madonge yasibingirike, na nilishindwa kumwambia ayaondoe. Nikaona hakuna atakayejua.

Anasema kama mlango ukiwa wazi huenda Ok-hui akarudi kabla ya siku yake ya kumbukumbu. Asiporudi, anasema, hakuna maana ya kuandaa meza. Sijui nimwambie nini. Naogopa kikohozi na naogopa kuufunga.

Dong-hyeok

*

Gunsan, 8 Februari 1988

Mdogo wangu,

Barua hii haina salamu mbele. Karatasi iliyoambatanishwa ni ya Sae-rom. Mpe mwenyewe asome. Nimeiandika kama tulivyoandika kazini tulipokosea, mahali palepale na kwa ukubwa uleule.

*MASAHIHISHO. Katika barua ya tarehe 10 Oktoba, mwandishi Pyo In-sun aliandika kwamba hakuna roho inayoweza kukaribia maharage mekundu. Mwandishi alimsikia mtoa habari mmoja, hakumuuliza swali la pili, na akaongeza maneno "hakuna roho" kwa mkono wake mwenyewe. Mtoa habari hakuyasema. Mwandishi alirudi kwa Bibi Maeng tarehe 1 Februari na kumuuliza swali alilopaswa kuuliza mwanzo. Mahojiano ni haya.*

*Swali: Mtoto akiweka madonge yenye maharage mekundu mbele ya picha ya mama yake, mama anafukuzwa?*

*Jibu: Nani anauliza upuuzi huo?*

*Swali: Mimi.*

*Jibu: Mama huyo alikuwa akimtengenezea mtoto madonge?*

*Swali: Mara tisa.*

*Jibu: Kwa mikono yake? Alitumbukiza mikono kwenye maharage mpaka hapa kwenye kiwiko?*

*Swali: Ndiyo.*

*Jibu: Alikimbia?*

*Swali: Hapana.*

*Jibu: Basi. Mwenye nyumba hafukuzwi na chakula chake mwenyewe. Maharage yanafukuza wasiojulikana.*

*Swali: Kwa nini basi hayawekwi kwenye meza ya kumbukumbu?*

*Jibu: Kwa sababu siku hiyo haji peke yake. Anakuja na wakwe na mababu, na wengine hatuwajui tabia zao. Tunawaondolea wekundu kwa heshima. Ganda likitoka, ndani ya harage ni kweupe. Meupe huliwa na kila mtu.*

*Mwandishi hajui kama roho huja au haziji. Hajapata shahidi. Anachoweza kuthibitisha ni kwamba alikosea, na kwamba Sae-rom hakukosea. Mwandishi anaomba radhi.*

Dong-hyeok, sasa wewe. Hata mimi nisingeweza kumwambia mtoto ayaondoe, nami ndiye niliyeuandika ule mstari. Usijisumbue tena na hilo.

Umeliandika jina la Ok-hui. Ni mara ya kwanza tangu alipofariki Aprili.

Nami nina langu. Kila Oktoba Ok-hui aliniandikia kadi kunialika kwenye madonge. Kadi tisa. Kila mwaka nilimjibu kwamba kuna kazi. Mara sita ilikuwa kweli. Kwenye mazishi nilifika saa nne na kuondoka saa tisa, na uliniona nikitazama saa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikingoja unialike, na hukunialika, na sikukulaumu.

Makaa yatumike yanavyohitajika. Asilazimishwe kufunga mlango.

In-sun

*

Hwangdeok, 14 Machi 1988

Dada,

Shikamoo. Theluji inayeyuka, paa lote linadondosha maji. Kikohozi kimekwisha. Mi-ok anashinda hapa karibu kila siku na ameota jino jipya mbele, kubwa kuliko mdomo wake.

Sae-rom alisoma karatasi yako amesimama. Kisha akaketi akaisoma tena. Kisha akaja na penseli.

"Baba, Bibi Maeng ameona kwa macho yake, au amesikia tu?"

"Sijui."

"Shangazi hakumuuliza?"

"Inaonekana hakumuuliza."

"Hilo ni swali la tatu," akasema, akaandika pembeni. Anafanana nawe, Dada, na hilo linanitia hofu.

Jioni ile mlango ulikuwa wazi kama kawaida. Siku ya pili nusu. Wiki iliyofuata niliporudi ulikuwa umefungwa lakini haujatiwa komeo. Huwa haweki komeo akiwa peke yake, na mimi nimeacha kuliweka nikiwepo.

Tumejaribu kuyamenya maharage mekundu yawe meupe. Tuliloweka siku nzima, tukasugua kwenye beseni, yeye na Mi-ok na mimi, mikono ikakunjamana kama ya wazee. Maganda yanaelea, unayamwaga, unasugua tena. Lakini wekundu umebaki kwenye nyufa. Alikaa akiyachambua moja moja mpaka kibakuli kikawa na maharage kama arobaini tu. Anauliza kama doa dogo linahesabika. Anasema wakwe wengine hatuwajui tabia zao.

Kumbukumbu ya Ok-hui ni mwezi wa tatu kwa kalenda ya zamani, siku ya kumi na mbili. Itaangukia Jumatano tarehe 27 Aprili, kwa hiyo meza tunaiandaa Jumanne, usiku wa kuamkia siku yenyewe. Sae-rom anataka kuandaa. Aliniambia jana akiosha vyombo, amenipa mgongo.

Dada, njoo. Nakualika. Na Ok-hui angekualika.

Dong-hyeok

*

Gunsan, 2 Aprili 1988

Mdogo wangu,

Nakuja. Sina kazi.

Habari za hapa ni njema. Goti limepata mafuta ya kuchua kutoka kwa Bibi Maeng na sasa linanuka kuliko linavyouma.

Mjibu Sae-rom hivi. Swali la tatu nimeliuliza. Bibi Maeng hajaona kwa macho. Alisikia kwa mamake, naye kwa wake. Nilipomuuliza kama anaamini, alisema, "Mimi kila mwaka natengeneza kile anachokipenda mume wangu. Asipokuja nakula mwenyewe, nacho ni kizuri." Sina chanzo bora zaidi ya hicho.

Kuhusu madoa: mlitumia maharage ya madonge. Yapo mengine kwa ajili hiyo, ganda lake jeusi, ndani meupe kabisa, na humenyeka kirahisi yakiloweshwa mpaka yavimbe. Bibi Maeng amenipimia yaliyopasuliwa tayari, na amekataa niyafungue njiani, asije mtu kama mimi akayaharibu. Atakayeyafungua ni Sae-rom.

Utakuwa mbele ya meza na ubani. Mimi nitasimama nyuma, na magoti yakikubali nitainama. Inabaki kazi ya kufungua mlango ili Ok-hui aingie. Hiyo ni kazi ya mtu wa nyumba, na katika nyumba hiyo kuna mmoja tu mwenye mazoezi. Mwambie ni yake.

Treni yangu inafika Hwangdeok Jumatatu tarehe 25 Aprili, saa nane na dakika ishirini mchana. Maharage yataloweshwa jioni hiyohiyo. Kusugua ni Jumanne, akitoka shule.

In-sun